Tamasha Bila Neno ni Msafara Bila Kirangozi

Yapo madai mawili ambayo nimechoka kuyasikia, nami nimekusudia kuyajibu hapa mbele ya wapenzi wa lugha. La kwanza hutoka kwa waandaaji wa matamasha ya muziki ya uwanjani. Wao hudai kwamba muziki wa wasanii huru, wale wanaojitungia, wanaojirekodia na wasiomilikiwa na kampuni yoyote, ni jambo geni lililotufikia juzi kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo hapana budi lije pamoja na lugha yake ya kigeni na adabu zake za kigeni. La pili hutoka kwetu sisi tunaojiita washairi. Wenzangu husema kwamba uwanja wa muziki ni mahali pa kelele, na kwamba ushairi una staha yake, heri ukae kitabuni ungoje wenye utulivu.

Nayaandika haya nikiwa Tabora, mji uliozaliwa na njia ya misafara, na nasema pasi na kumung'unya maneno: madai yote mawili ni batili, na ubatili wao ni mmoja. Waandaaji wameutenga muziki na neno. Washairi wamelitenga neno na muziki. Katikati yao neno limebaki yatima.

Tuanze na jina lenyewe la shughuli. Neno "tamasha" lilitufikia kupitia Kihindi na Kiajemi, na wenye elimu ya asili za maneno hulirudisha kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa kutembea: kutembea pamoja, watu wakifuatana. Kabla halijawa jina la onyesho, lilikuwa jina la mwendo. Basi ni nani katika Afrika ya Mashariki aliyetembea pamoja na wenzake huku akiimba kuliko mpagazi wa Unyamwezi? Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ulikuwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Kutoka hapo njia iliendelea kushuka hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, kukawa na bendera, ngoma na baragumu; nyuma yake wakafuata watu waliobeba mizigo ya kilo thelathini na ushei kwa kila bega. Wimbo ndio uliopima hatua. Kirangozi aliuanzisha, msafara ukauitikia, na jioni kambini ukaimbwa tena, safari hii miguu ikicheza.

Wageni waliopita njia hiyo waliandika mengi. Waliandika idadi ya pembe, aina za shanga, bei ya marekani na kaniki, majina ya watemi na hongo waliyowatoza. Nyimbo pia walizitaja, mara nyingi kwa kebehi, kama mtu anavyotaja kelele za ndege. Ila jina la aliyetunga wimbo hawakuliona kuwa na faida. Hivyo tunajua ni doti ngapi za nguo zilizolipwa ili msafara upite, wala hatumjui mtunzi hata mmoja aliyeupitisha msafara huo juu ya vilima vya Usagara na mbuga za Ugogo kwa nguvu za maneno yake. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa maana nitalirudia.

Sasa lije neno "huru". Waandaaji wa siku hizi hulitumia kwa fahari: msanii huru, muziki huru. Ni neno zuri, lakini katika njia hii lina uzito ambao hawajaupima. Njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipitisha watumwa, na hakuna haki ya kulificha hilo. Mwaka 2006 Tanzania yenyewe iliiingiza katika orodha yake ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe. Hata hivyo, mpagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida hakuwa mtumwa. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, ameeleza kwa kirefu kwamba wapagazi wengi walikuwa wafanyakazi huru: walipatana ujira, walidai posho, waligoma walipodhulumiwa, na waliuacha msafara wa bwana mbaya wakaenda zao. Katika njia iliyofungwa minyororo, huyu alitembea kwa hiari yake na kuimba maneno yake mwenyewe. Ikiwa tunatafuta mwanzo wa muziki huru katika nchi hii, tusiutafute katika simu za mkononi. Ulipita hapa, chini ya miembe ya Tabora, kabla reli haijafika mwaka 1912 na kuitua mizigo ile mabegani.

Wala mji haukunyamaza baada ya reli. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, iliingia bara na vyama vyake vya Marini na Arinoti, nayo ilikuwa ngoma ya maneno: chama kimoja kikikisuta kingine kwa Kiswahili, watu wakiyachukua mafumbo hadi majumbani. Baadaye zikaja bendi. Kiko Kids ya Salum Zahoro ilikuwa ya Tabora. Nyanyembe Jazz ilibeba jina la Unyanyembe. Tabora Jazz ya Shem Karenga iliufikisha wimbo wa "Dada Asha" mahali ambapo watu hawakuwa wameiona Tabora hata kwenye ramani. Mwulize mzee yeyote akumbuke nini katika nyimbo hizo. Hatakupigia gitaa kwa mdomo, atakutajia maneno.

Kwa mizigo hiyo ya historia nilikwenda, mwezi wa Agosti, kwenye tamasha la muziki wa uwanjani hapa kwetu. Sitalitaja jina, kwa kuwa ugonjwa huu si wa waandaaji wale peke yao. Nilikuwa na wenzangu watano: mwalimu mwenzangu, muuguzi, fundi cherehani, rafiki yetu mkulima wa tumbaku aliyetoka Urambo, pamoja na mjomba wake, mzee aliyecheza ngoma ujanani mwake na ambaye sote twamwita Mjomba. Jioni ilikuwa na baridi ya kiangazi. Tulitandika kanga na mkeka, tukanunua karanga na mihogo ya kuchoma, tukakaa kusubiri. Nasema wazi kwamba tulifurahi kuwapo. Hakuna kinachozidi kusikiliza muziki nje, pamoja na watu unaowapenda, bila ya paa wala ukuta.

Walianza ngoma ya asili. Kikundi kiliitwa wakati mgeni rasmi akishuka garini. Kilicheza dakika chache, mgeni akakaa, nacho kikaondolewa. Manju wa kikundi kile alikuwa akiimba. Midomo yake tuliiona ikienda, sauti hatukuipata, kwa sababu vipaza sauti vyote vilikuwa vimewekewa wanaokuja. Nikamwuliza mzee, "Mjomba, mbona manju hawakumpa kipaza sauti?" Akajibu bila kugeuka, "Mwanangu, wamewaita waje kutikisa miili. Hawakuwaita waje kusema."

Akapanda mtangazaji. Alituamkia kwa Kiingereza, akatuchekesha kwa Kiingereza, akatuombea makofi kwa Kiingereza, na Kiswahili akakitumia kutangaza gari lililozuia njia. Miongoni mwetu maelfu pale uwanjani sikumwona mgeni wa ng'ambo hata mmoja. Fundi cherehani aliniuliza, si kwa hasira bali kwa kutaka kujua, "Mwalimu, huyu anazungumza na nani?" Bado sijalipata jibu.

Baadaye akapanda binti mmoja na gitaa lake. Kadiri nilivyoweza kunasa, wimbo ulikuwa wa Kiswahili. Lakini mitambo ilikuwa imepangwa kwa ajili ya midundo. Besi iliyameza maneno, na watu wakaanza kuongea, maana hakuna anayesikiliza asichokisikia. Alipomaliza alipigiwa makofi ya huruma. Rafiki yetu wa Urambo, aliyekaa karibu na spika, alikuwa amedaka neno "tumbaku". Alikwenda kumtafuta nyuma ya jukwaa na kumwomba, kwa adabu, atwambie alikuwa akiimba nini. Yule binti akasimama chini ya mwembe, bila gitaa, akayasema maneno yake polepole. Yalikuwa juu ya mama anayechambua majani ya tumbaku usiku kwa mwanga wa kibatari, akiyapanga kwa madaraja, huku mtoto akijiuliza mama amewekwa katika daraja la ngapi. Waliokuwa wakipita walisimama. Alipofika mwisho tulikuwa watu kumi na kitu, na mkulima wetu alikuwa akiuangalia mchanga. Muuguzi alimwuliza, "Mdogo wangu, nani ametunga?" Akasema ni yeye. Tuliitazama karatasi ya ratiba. Ilikuwa na majina ya vinywaji vilivyodhamini tamasha, tena kwa herufi kubwa. Mtunzi wa utungo ule hakuwamo.

Hapo ndipo nilikuwa nimekuombea msomaji kumbukumbu. Msafiri mgeni wa karne ya 19 aliorodhesha shanga na kaniki, akamwacha mtunzi. Mwandaaji wetu wa karne ya 21, mwananchi mwenzetu, ameorodhesha vinywaji, akamwacha mtunzi. Je, tofauti yao ni ipi? Yule wa kwanza alikuwa na udhuru walau mmoja: hakuijua lugha vizuri.

Nitajibiwa, najua. Watasema kwanza kwamba vijana hawataki maneno, wanataka mdundo. Hawa vijana ndio wanaokariri nyimbo za Bongo Fleva neno kwa neno, wakagombana kwa saa nzima juu ya maana ya mstari mmoja wa mafumbo, wakaufanya msemo wa mtaani kabla ya wiki kwisha. Kijana hajalikataa neno. Amenyimwa neno uwanjani, kisha akasingiziwa kwamba hakulitaka.

Watasema pili kwamba ngoma ni ya kabila, tamasha ni la taifa. Lakini Kiswahili chenyewe kilifikaje bara? Kilibebwa katika njia hii hii na watu waliokuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo, kila mmoja akikiongezea lake. Wapagazi walijenga utani na makabila waliyopita kwao, hata leo Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana. Hata neno "manju" tunalo katika Kiswahili bega kwa bega na "malenga", na huku magharibi ndilo lililozoeleka zaidi kwa anayetunga na kuongoza wimbo wa ngoma. Katika miaka ya Mwalimu Nyerere, manju Mwinamila wa Tabora alisikilizwa redioni na nchi nzima, wala hakuna aliyeuliza kama yu wa kabila au wa taifa. Anayesema manju hana nafasi katika jukwaa la taifa hajui lugha ya taifa ilipita wapi.

Watasema tatu kwamba wafadhili na wageni wanataka mambo ya kisasa, na kisasa ni Kiingereza. Hoja hii inavunjwa na Zanzibar. Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, na makao yake yamekuwa Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Linashikilia kanuni kwamba muziki upigwe hai jukwaani, na wageni kutoka mabara mengine hupanda ndege kulifuata. Hawaifuati lugha yao wenyewe. Hiyo waliiacha nyumbani, haina uhaba. Wanafuata wasichokuwa nacho. Sisemi kwamba njia yao ni rahisi: mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha. Uhuru una gharama, na mfadhili hakosi mkono katika gharama hiyo. Ndiyo maana nasema pawepo jambo ambalo mfadhili hauziwi. Muuzieni bendera, muuzieni bango, muuzieni na kiti cha mbele. Neno msimwuzie.

Nigeuke sasa kwa wenzangu washairi, maana shoka lisilokata pande zote ni nyundo. Sheikh Kaluta Amri Abedi tunamtaja kila tunapobishana juu ya vina na mizani. Kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, tumekifanya hakimu wa kila ugomvi wetu. Lakini twasahau mambo mawili. Kwanza, mtu huyu hakuwa wa Lamu wala wa Mombasa. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora. Mwanzo na mwisho wa elimu yake ya awali umo katika njia hii hii ya misafara. Pili, msingi wa sheria zake si hesabu ya silabi. Msingi wake ni kuimbika. Kwake, shairi na wimbo ni kitu kimoja, na utungo usioimbika umepungukiwa na sababu ya kuwapo. Vina na mizani alivilinda kwa kuwa ndivyo vinavyouwezesha ulimi kuimba. Sisi tumeishika mizani tukauacha wimbo, mfano wa mtu anayelinda kopo la asali, wala hana habari kwamba limekauka.

Ikiwa shairi ni wimbo, basi mahali palipokusanyika watu maelfu kusikiliza nyimbo ni baraza letu, na kutokwenda kwetu si staha bali ni utoro. Yule binti wa mwembeni alitunga bila mwalimu. Taswira ya daraja la tumbaku aliipata mwenyewe, tena ni taswira ambayo wengi wetu wenye diwani zilizochapwa tungeionea wivu. Mizani yake ilipwaya mahali pawili watatu. Nani alikuwapo wa kumwonyesha? Waliokuwa na uwezo huo walikuwa nyumbani wakilalamika kwamba vijana wameua ushairi.

Sipigi kelele bila kutaja dawa. Nataka mambo manne, wala hakuna hata moja linalohitaji fedha ya kigeni.

Kwanza, tamasha linalofanyika mbele ya Waswahili litangazwe kwa Kiswahili. Ukiwapo mgeni, atafsiriwe. Tafsiri ni heshima kwa mgeni bila kuwa tusi kwa mwenyeji.

Pili, jina la mtunzi litajwe jukwaani na liandikwe katika ratiba, kwa herufi zisizopungua zile za vinywaji. Na maneno ya kila wimbo yahifadhiwe, yawe katika karatasi au katika ukurasa wa intaneti, ili miaka mia ijayo wasije wakaulizana kama tunavyoulizana leo juu ya wapagazi.

Tatu, kikundi cha ngoma kipewe kipaza sauti, muda kamili na ujira kamili, kama bendi nyingine yoyote. Mpagazi wa mwaka 1857 alijua kupatana malipo yake kabla ya kuinua mzigo. Ni aibu kwamba mjukuu wake huchezeshwa kwa soda na nauli.

Nne, kati ya bendi na bendi, wakati mafundi wakihangaika na nyaya, asimame mshairi. Dakika tano zatosha. Asisome kwa kuinama karatasini. Aimbe, na umati umwitikie. Akishindwa kuitikiwa, amepata somo ambalo hakuna mhariri angempa.

Atakayeniambia kwamba haya ni madogo, nitamjibu kwamba msafara haukuongozwa na tembo. Uliongozwa na mtu mmoja mwenye ngoma ndogo na wimbo. Wenye pembe walikuwa wengi, wenye bunduki walikuwa wengi. Lakini kirangozi aliponyamaza, wote walisimama. Nami kwa kuwa nimewataka wenzangu waimbe, naiacha hoja yangu katika beti tatu. Anayezipenda azitie sauti, anayezipinga anijibu kwa bahari hii hii.

Mwatuita uwanjani, tuje kusikia wimbo,
Twaja toka vijijini, kwa safari ya kitambo,
Neno lazama ngomani, lamezwa nayo mitambo,
Mpeni manju kipaza, msafara uongoke.

Si ngoma ya kupokea, mgeni apate ona,
Ni utungo kaulea, usiku hata mchana,
Sifa yake yapotea, bangoni hamna jina,
Mpeni manju kipaza, msafara uongoke.

Nasi wenye kuhesabu, silabi kwa umakini,
Tubebe vyetu vitabu, tuvipeleke njiani,
Shairi halina tabu, likiimbwa hadharani,
Mpeni manju kipaza, msafara uongoke.